Barua za Mabaharia wa Mchikichini

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani,

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike machache juu ya historia ya Mchikichini, mahali ambapo wengi wetu tulilelewa, na wengine tulipanga vyumba wakati wa masomo. Yapo mengi ya kuandika juu ya mtaa ule: soko, mpira, siasa, ngoma. Lakini hayo wenzetu wamekwisha kuyaandika, tena vizuri. Mimi nimechagua jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amepata kulishika mkononi bila kulitia maanani, nalo ni barua za mabaharia.

Ninalotaka kusema ni hili. Baharia wa Dar es Salaam aliandika barua za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile alizoziandikia ofisi akidai haki yake. Aina ya pili ni zile alizowaandikia watu wa nyumbani kwake. Zile za ofisini zilitiwa majaladani, na leo ndizo zinazosomwa na wataalamu wa historia. Hizi za nyumbani zilisomwa barazani, zikapita mikono kumi, na nyingi zikaishia kufungia karanga. Matokeo yake ni kwamba twamjua baharia wetu kwa madai yake tu, wala hatumjui kwa salamu zake.

Mchikichini na bahari

Mtu asiyeujua mji atauliza: Mchikichini na bahari wapi na wapi? Ni kweli kwamba ukisimama pale huoni tanga wala mlingoti. Mbele yako ni bonde la Msimbazi, upande mmoja Kariakoo, upande mwingine Ilala. Jina lenyewe latokana na mchikichi, mti wa mawese, si mti wa pwani. Hata hivyo nyumba nyingi za sehemu ile zilipata riziki yake bandarini. Makuli walitoka alfajiri kwa miguu, wakafuata barabara ya Kichwele, ambayo baada ya mwaka 1961 ikaja kuitwa Uhuru, wakapita Mnazi Mmoja hadi forodhani. Kabla ya magati ya maji marefu kukamilika mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, na shehena ikateremshwa kwenye matishari. Kazi ile ilihitaji vifua na migongo, na migongo ilitoka kwetu. Ndio hao makuli waliogoma mwaka 1947, na mgomo wao ukaenea hadi bara.

Kijana aliyezoea kupanda na kushuka meli kila siku hakukosa kujiuliza meli ile ikiondoka yaenda wapi. Ndivyo wengine walivyotoka ukuli wakaingia ubaharia. Huyu alianza kwa kufagia staha na kupaka rangi chini ya amri ya serahangi, yule alitiwa jikoni kumenya viazi, mwingine akashuka chumba cha mashine. Akitoka nje ya mlango wa bandari alikuwa na nguo mbili, kitabu chake cha ubaharia, na ahadi moja aliyompa mama yake: nitaandika.

Mkono wa kale

Ahadi hiyo si ngeni katika pwani yetu. Barua za Kiswahili za kale kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, zikavuka bahari hadi Goa, na huko zimehifadhiwa mpaka leo. Basi watu wetu walikuwa wakitumiana barua kwa vyombo vya baharini karne mbili kabla shule yetu haijawekewa jiwe la msingi. Kadhalika ubaharia wa meli za kigeni si jambo la jana. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilizokuwa zikizunguka maji ya Zanzibar kuzuia biashara ya watumwa ziliajiri vijana wa pwani, na Waingereza wakawaita Seedies. Mwaka 1890 ikaanzishwa huko Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie, na tangu hapo njia ya Dar es Salaam hadi Ulaya ikawa njia ya kawaida, kwa abiria na kwa wafanyakazi vilevile.

Nataka nimtaje mmoja wa wafanyakazi hao, maana kisa chake chafaa kufundishwa katika kila shule ya mji huu. Jina lake ni Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye huko Ujerumani alijulikana zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani aliyekuwa katika jeshi la Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa mtoto wa miaka 10, na bado akaingizwa jeshini pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa nchi yetu, akatekwa na Waingereza. Vita ilipokwisha alitafuta riziki melini, na kuanzia mwaka 1925 akawa mhudumu wa mezani katika meli za kampuni ile niliyoitaja.

Mwaka 1929 alikwenda Berlin akiwa na jambo moja kichwani: kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ilimjibu kwamba amechelewa. Hakurudi. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja katika nyumba kubwa ya starehe mjini humo, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu chini ya mtaalamu Diedrich Westermann, akaoa, akapata watoto, akacheza sehemu ndogo ndogo katika filamu zisizopungua 20. Moja ya filamu hizo, iliyotoka mwaka 1941, ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters, yule yule aliyezunguka katika nchi yetu akiwatia machifu alama kwenye mikataba wasiyoielewa. Mwaka huo huo wa 1941 Wanazi walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kiliwekwa kibao kidogo cha shaba chenye jina lake katika njia ya miguu mjini Berlin, mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi.

Sasa jiulizeni, ndugu zangu: habari hizi zote zimepatikanaje? Zimepatikana kwa sababu alizoea kuandika maofisini. Alidai mshahara, akaomba nishani ya vita, akaomba kazi, na kila ombi likatiwa katika jalada. Karani aliyemkatalia ndiye aliyemhifadhia jina. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst alipoyafungua majalada hayo aliweza kumwandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2007. Mtu wetu, mzaliwa wa mji wetu, lakini ukitaka kumjua wapaswa kupitia meza za watu waliomwambia hapana.

Enzi ya meli zetu wenyewe

Tuje sasa katika wakati ambao wengi wetu twaukumbuka. Mwaka 1966 nchi za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni yao ya meli za masafa marefu, Eastern Africa National Shipping Line. Mwaka uliofuata, 1967, Tanzania na China zikaanzisha kampuni ya ubia wa nusu kwa nusu, ile iliyojulikana kwa kifupi kama SINOTASHIP. Kijana wa Mchikichini akapata njia nyingine ya kuwa baharia, mbali na kuandikishwa na Mwingereza au Mgiriki.

Ilikuwa miaka ya pilikapilika. Tangu walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mnamo Novemba 1965, shaba ya Zambia ilianza kumiminika Dar es Salaam, na bandari ikafurika. Baadaye, kati ya mwaka 1970 na 1975, vikaja vifaa vya kujengea reli ya TAZARA. Meli zilipanga foleni nje ya mlango wa bandari. Tena tangu Juni 1967 hadi Juni 1975 Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vita vya Waarabu na Waisraeli, kwa hiyo meli ya kwenda Ulaya ililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Watu wa siasa walilipima jambo hilo kwa bei ya mafuta. Sisi Mchikichini tulilipima kwa ukimya wa barua.

Barua ilivyosafiri

Yafaa niwaeleze vijana wetu mambo yalivyokuwa, maana hawatayaamini. Nchini mwetu tarishi hakuleta barua mlangoni. Barua ilikwenda katika sanduku la posta, na mwenye sanduku alikuwa ni mtu mwenye nafasi: mfanyabiashara, kiwanda, msikiti, kanisa, au shule. Familia ya kawaida ya Mchikichini haikuwa na sanduku. Basi baharia aliandika jina la mama yake, kisha chini yake jina la mwanafunzi wa shuleni kwetu, na chini kabisa nambari ya sanduku la shule. Nathubutu kusema kwamba sanduku la shule yetu lilikuwa sanduku la nusu ya mtaa. Mwalimu wa zamu alipoziita barua kwenye gwaride la asubuhi, tulizijua za mabaharia kwa stempu zake hata kabla ya kusikia jina.

Majibu nayo yalikuwa na taabu zake. Baharia hana anwani, ana ratiba. Aliandika hivi: mkiandika kabla ya tarehe 10, pelekeni kwa wakala wa meli Bombay, mkichelewa, andikeni Karachi. Wakala alizipeleka barua melini pamoja na karatasi za shehena. Lakini meli ikimaliza kupakua mapema, barua ilifika ikakuta maji matupu, ikaanza kuifukuza meli kutoka bandari hadi bandari. Barua ya msiba ilipata kumfikia mtu baada ya arobaini kwisha kusomwa.

Wengi walitumia ile karatasi nyembamba ya buluu ambayo ikikunjwa yawa bahasha yenyewe, aerogramu, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Nafasi yake ni ndogo, na hapo ndipo ulipoonekana utu wa mtu, maana nusu ya nafasi hiyo ilitumika kwa salamu. Ilianza: salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Ikafuata: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Kisha majina. Mama, baba, bibi, mjomba, jirani wa kushoto, jirani wa kulia, muuza kahawa. Aliyesahauliwa alinuna hadi barua nyingine. Ndiyo maana msomaji wa barua alipaswa kusoma kila jina kwa sauti, wala asiruke hata moja.

Msomaji huyo aghalabu alikuwa mmoja wetu. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Mwanafunzi wa sekondari aliitwa barazani, akapewa kigoda, watu wakanyamaza. Nami nilikuwa msomaji wa nyumba moja iliyokuwa hatua chache kutoka kwetu. Kijana wa nyumba ile alikuwa mwanafunzi wa shule yetu, mbele yangu madarasa mawili, na mwaka 1968 aliingia ubaharia katika meli ya kampuni moja ya nje. Mama yake sote tulimwita Mama Mkubwa. Jamaa zake wameniruhusu nieleze yafuatayo, mradi nisiwataje majina.

Barua asizosomewa mtu

Kwa muda wa miaka mitatu nilimsomea Mama Mkubwa barua za mwanawe, na zote zilikuwa barua moja. Yeye ni mzima, kazi nzuri, chakula kizuri, baridi kidogo. Nilipomaliza, Mama Mkubwa alinitazama akasema, "Haya, mwanangu, sasa nisomee na yale ambayo hakuyaandika." Barazani watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Alilijua jambo ambalo sisi wasomi hatukulijua. Barua inayosomwa mbele ya mtaa mzima haiwezi kubeba neno la aibu wala la uchungu. Baharia aliandika akijua sauti itakayomsoma ni ya mtoto wa jirani, na masikio yatakayomsikia ni ya wote. Kwa hiyo alisema alilopaswa kusema. Uongo wake, kama twaweza kuuita uongo, ulikuwa ni heshima.

Mwaka 1970 ulitangazwa na Rais Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa kila mahali, na Mama Mkubwa, ambaye alikuwa amekwisha kupata wajukuu, akaenda jioni na ubao wake. Watu walimtania kwamba anataka kuwa karani. Katikati ya mwaka 1972 alimwandikia mwanawe barua ya kwanza kwa mkono wake, mistari minne ya herufi kubwa. Sikuisoma wakati ule. Nimeionyeshwa juzijuzi, kwa kuwa mwanawe alirudi nayo. Mstari wa mwisho wasema: SASA NASOMA MWENYEWE.

Jibu lililokuja halikusomwa barazani. Humo baharia alimweleza mama yake kwamba miezi mitano hawajalipwa, kwamba mwenye meli amebadilika na mpya hawataki, kwamba wenzake wawili wameugua, na kwamba wamekaa katika bandari ya Antwerp wakila kwa hisani ya mabaharia wa meli nyingine. Alitaja jina la meli, tarehe, na jina la ofisa aliyewaahidi malipo. Akaandika pia kwamba usiku analia. Mama Mkubwa aliisoma, akaikunja, akaitia katika kopo la biskuti pamoja na nyingine zote, akaendelea kuuza vitumbua vyake asubuhi kama kawaida.

Kijana alirudishwa nyumbani mwaka uliofuata akiwa mikono mitupu. Kitabu chake cha ubaharia kilikuwa kimebaki mikononi mwa wenye meli. Alipokwenda kudai, aliulizwa swali la ofisi zote: uthibitisho uko wapi? Hapo ndipo kopo la biskuti lilipofunguliwa. Mlikuwa na barua 31, kila moja ina muhuri wa posta wenye jina la bandari na tarehe. Ukizipanga kwa mfuatano zilionyesha safari nzima ya meli ile, na ile ya Antwerp ilikuwa na maelezo yote. Madai yalichukua muda mrefu, wala hakulipwa yote. Alilipwa sehemu, na kwa sehemu ile Mama Mkubwa alipata bati jipya la nyumba.

Nimekiweka kisa hiki karibu na kile cha Bayume Mohamed Husen kwa makusudi. Wote wawili walidai ujira wao kwa watu wa mbali. Mmoja alipeleka maneno yake ofisini, na ofisi ikawa ndiyo yenye karatasi na ndiyo yenye hukumu. Mwingine alikuwa na karatasi zake nyumbani, kwa mtu anayempenda.

Karatasi zilivyokwisha

Meli za kampuni ya nchi nne hazikudumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kampuni ile nayo haikuendelea baada ya mwaka 1980. Ile ya Tanzania na China iliendelea. Mwaka 1978 kikaanzishwa Dar es Salaam chuo cha kuwafunza mabaharia, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini vijana wengi wasiopata chuo wala kitabu cha ubaharia walichagua kuzamia. Kuanzia miaka ya 1990 wazamiaji wengi wa mji wetu walikwenda kwa nchi kavu hadi Cape Town, wakalala chini ya madaraja ya barabara iliyo karibu na bandari wakingoja meli. Huko waliandika juu ya zege majina yao ya utani na maneno ya kuisifu bahari. Mwandishi Sean Christie aliishi karibu nao akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2016. Nilipokisoma nilifikiri: hawa nao wanaandika nyumbani, ila hawana sanduku la posta.

Baharia wa leo anaongea na mama yake kwa simu, akimwona na uso. Ni neema kubwa, wala sitamani irudi ile miezi ya kungoja. Lakini simu ikibadilishwa maneno yamekwenda, na hakuna kopo la biskuti litakaloyahifadhi.

Kwa hiyo nawaombeni, ndugu zangu. Wengi wetu tulikuwa wasomaji wa barua hizo, na baadhi yetu tumerithi masanduku ya wazazi wetu. Fungueni. Mkiikuta barua ya baharia msiitenge na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta ni nusu ya ushahidi. Msiibandike kwa gundi. Andikeni pembeni, katika karatasi nyingine, ni nani wale wanaosalimiwa, kabla hajafa wa mwisho anayewajua. Kisha waulizeni wenyewe kama wako radhi, na wakiwa radhi, ipelekeni nakala Nyaraka za Taifa kule Upanga, mtaa wa Vijibweni. Katika mkutano wetu ujao nitakuja na orodha ya nilizokwisha kuziona. Kila mwenye hata moja na aje nayo.